Ratili Kumi na Nne za Masalu

Nimestaafu kabla sijaota mvi. Watu wakisikia hivyo hucheka, maana wamezoea kustaafu kuwe kwa makarani wazee wanaopewa saa ya mezani na kurudi kwao kufuga kuku. Kazi niliyoiacha si ukarani, wala si ualimu ambao bado unanilisha. Nimeacha kusimama katikati ya watu wawili wanaopigana. Nilianza kazi hiyo mara tu nilipotoka chuoni Kampala, nikaifanya Jumapili hadi Jumapili katika msimu wa pamba, hapa Mwanza zaidi, na mara chache Bukoba na Musoma meli iliponichukua. Sasa basi. Miguu imechoka, masikio yamechoka matusi ya walioshindwa, na zaidi ya yote nimechoka kuulizwa swali moja.

Swali hilo mtaulizwa ninyi mnaoshika ulingo baada yangu, kwa hiyo bora niliweke mbele. Mtu mdogo anaweza kumpiga mkubwa? Mtaulizwa na kinyozi, mtaulizwa na padri, na mwenye duka atawauliza huku anapima sukari. Kila anayeuliza analo jibu lake tayari na anachotaka ni mwamuzi amwambie kwamba amepatia. Wembamba wanataka useme ndiyo. Wanene hawaulizi.

Siku ya kwanza nilifika uwanja wa Mirongo nikiwa nimevaa soksi ndefu na kichwa kimejaa hesabu. Ngumi za Mwanza wakati huo zilikuwa mikononi mwa Sajini Mabruki, askari wa zamani aliyepigana vita vile vya Wajerumani na kurudi na sikio moja lisilosikia. Mshahara wa kazi hii haukuwepo, na hautakuwepo kwenu pia, kwa hiyo hakuwa na foleni ya watu wanaoitaka.

"Shikamoo, Sajini."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu aliyesoma mpaka Kampala?"

"Ndiyo mimi."

"Umesoma ngumi?"

"Hapana. Nimesoma hesabu."

"Inatosha. Kwetu zinaishia kumi."

Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi. Akanionyesha vifaa, na vingi vyake ndivyo mnavyovirithi. Kengele yetu ni kipande cha reli kinachoning'inia kwenye mti, kinagongwa kwa msumari mkubwa wa reli hiyo hiyo. Kamba za ulingo ni za katani, zilizochakaa bandarini. Glovu ni jozi mbili tu, na fundi viatu amezishona upya mara nyingi mpaka sidhani kama kuna ngozi iliyobaki ya zile za kwanza. Ndani tumejaza pamba, kwa sababu pamba ndicho kitu ambacho Mwanza haikosi. Kuna karai la maji, na kuna jiwe la shabu la kusimamisha damu. Shabu litunzeni vizuri. Siku moja mtu wa kona alilisahau sokoni, akamtia mwenzake chumvi juu ya jicho, na lile pambano likahamia kati ya bondia na mtu wake wa kona.

Kupima uzito tulipimia kwenye jineri ya Bwana Kanji, Mhindi aliyechambua pamba ya nusu ya vijiji vinavyotuzunguka. Jumapili asubuhi mashine zimenyamaza, Bwana Kanji anafungua banda, na mabondia wanapanda mmoja mmoja juu ya mizani ile ile inayopima magunia. Wakulima walipenda kuja kutazama. Mtu akipanda wanampanga kama pamba, wanapiga kelele "Daraja la kwanza!" au, kama mbavu zinaonekana, "Daraja la pili! Warudishiwe wenyewe!"

Sheria ya uzito ilikuwa moja. Tofauti kati ya wapiganaji wawili isizidi ratili kumi na nne siku ya kupimwa. Nilimuuliza Sajini kwa nini kumi na nne, kwa nini isiwe kumi na tatu au ishirini.

"Afande alisema kumi na nne," akajibu.

"Naye alizitoa wapi?"

"Mwalimu, mimi sikuwa na tabia ya kumuuliza afande alikotoa vitu."

Mimi nilikuwa nayo tabia hiyo, na ndiyo iliyonifanya nikae ulingoni miaka yote hiyo. Nilitaka kujua. Kila mdogo aliposhinda nilimfuata nyuma ya uwanja na kumchunguza, yeye na aliyemshinda. Matokeo ya uchunguzi wangu hayafurahishi. Mara nyingi mkubwa alikuwa ameamka na pombe ya jana kichwani. Au alikuwa mzee, ila watu walimkumbuka kama alivyokuwa zamani. Au ulingo siku hiyo ulifungwa mpana kwa sababu kamba ilikuwa ndefu, na mdogo akapata pa kukimbilia. Wakati mwingine mdogo alikuwa hodari kweli, naye akampiga mkubwa aliye mbumbumbu. Hapo kilichoshinda ni ufundi, na uzito haukuwa na la kusema. Lakini nipe wawili wenye ufundi sawa, pumzi sawa na usingizi sawa, mmoja awe mkubwa. Nimeona wa namna hiyo wengi. Sitaki kuwaharibia siku wembamba.

Na uzito haukai kwenye konde kama watu wanavyodhani. Konde la mtu mkubwa unaweza kulikwepa. Kazi yake uzito huifanya pale wanapokumbatiana. Mkubwa anaweka kidevu juu ya bega la mdogo, analegeza magoti, anaegemea, anapumzika. Mdogo amembeba. Mwamuzi akiwatenganisha, mkubwa ametoka mapumzikoni na mdogo ametoka shambani. Wakifika raundi ya tatu mapaja ya mdogo yanatetemeka, na watu kando ya kamba wanamwita mwoga. Ninyi mnaoanza, yatazameni mapaja. Uso unadanganya.

Sasa nifike kwa Masalu, maana kesi yake ndiyo ninayoulizwa kila mara, na kila anayeisimulia huishia katikati.

Masalu alikuwa kijana wa Mkolani, mfupi, shingo fupi, mikono myepesi. Alikuja mjini kutafuta kazi bandarini, na bandarini kulikuwa na watu wa aina mbili. Kulikuwa na wenye namba, yaani kibati cha shaba kilichopigwa tarakimu, kinachovaliwa shingoni. Mwenye namba ana kazi kesho na kesho kutwa. Wengine ni vibarua wanaosimama getini alfajiri, mnyapara anapita mbele yao na kuonyesha kidole. Asiyeonyeshwa anarudi nyumbani kumweleza mkewe. Mnyapara Bundala alipenda warefu. Masalu alionyeshwa kidole siku chache, akapewa makapu ya samaki kavu na vitu vya namna hiyo, na siku nyingi hakuonyeshwa. Mkewe alikuwa na mimba ya kwanza.

Asubuhi moja alimshika Bundala kwa maneno mbele ya geti. Nilisimuliwa na watu wengi na wote wanakubaliana, jambo ambalo si la kawaida.

"Mzee, unanipita kila siku. Kasoro yangu nini?"

"Umeishia njiani, mwanangu. Namba ni za kikosi cha marobota, na robota la pamba halibebwi na kidole gumba."

"Nijaribu."

Bundala akawageukia watu, kwa sababu alikuwa mtu wa kupenda kuchekewa. "Mnamwona Ogola yule? Siku Masalu atakapomwangusha Ogola, namba nitamvika mimi mwenyewe, kwa mikono yangu!"

Watu walicheka mpaka Ogola mwenyewe akacheka. Alikuwa Mjaluo wa upande wa Musoma, kiongozi wa kikosi cha marobota na bingwa wetu wa ngumi, mkubwa kama mlango na mpole kama mtu asiyekuwa na haja ya kuwa mkali. Masalu peke yake hakucheka. Alisema, "Wamesikia, mzee," akaondoka.

Ngumi alikuwa anazijua. Wadogo wenzake wa pwani nzima ya ziwa alikwisha kuwamaliza. Jioni ile ile alinikuta shuleni ninasahihisha.

"Mwadila, Mwalimu," akanisalimia kwa Kisukuma. "Nipange na Ogola."

"Huwezi. Ni mzito mno kwako."

"Sheria inasemaje?"

"Tofauti isizidi ratili kumi na nne siku ya kupimwa."

"Siku ya kupimwa."

"Ndiyo."

"Siku nyingine haihusu."

"Masalu, siku ya kupimwa ndiyo siku ya ngumi."

"Nimekuelewa, Mwalimu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeelewa kitu kingine kabisa.

Msomaji asiye wa huku inabidi aelezwe kidogo. Mkulima wa pamba anauza kwa uzito, na kuna njia ya zamani ya kuongeza uzito wa gunia kabla halijafika mizani: unalinyunyizia maji, unalifunga, unalipakia. Wanunuzi nao wanaijua. Ndiyo maana Bwana Kanji hakupima gunia kabla ya kuzamisha mkono mpaka kwapani kutafuta unyevu. Masalu alikuwa na wajomba watatu Mkolani, wote wakulima wa pamba, wote wazoefu. Walikaa wakashauriana jinsi ya kumwongezea mpwa wao uzito, na wakampa ushauri pekee waliokuwa nao.

Jumapili ile Masalu aliingia banda la jineri akitembea kama mwanamke aliyebeba mtungi uliojaa, ila mtungi ulikuwa ndani. Wajomba walimshika huku na huku. Hakumsalimia mtu, nadhani aliogopa kufungua mdomo. Tumbo lilikuwa limesimama mbele kama ngoma. Akapanda mizani taratibu, na mizani ikasema tofauti yake na Ogola ni ratili kumi na nne, na ulimi wa mizani ukatulia pale pale.

Bwana Kanji alisogea, akanyoosha kidole, akamgusa tumbo kwa heshima zote za mfanyabiashara.

"Mwalimu," akasema, "hii pamba iko na maji."

Banda zima lilianguka kwa kicheko. Bundala alikuja mbele amekasirika. "Refa, huu ni udanganyifu! Mtoe!"

"Mwacheni," Ogola akasema akivaa shati. "Hata mimi nimekunywa chai."

Nilimtazama Sajini. Sajini alitazama mizani. "Mizani imesema," akaniambia. "Wewe si daktari."

Nilifikiri pale nilipo, na mpaka leo sijapata hoja ya kunipinga. Sheria ilitaja uzito, haikutaja uzito wa nini. Nikikataa maji leo, Jumapili ijayo nitaletewa mtu aliyekula ugali mwingi nikatae na ugali. Nikasema pambano lipo.

Lilipigwa alasiri, raundi nne. Watu walivuka kutoka Kamanga kwa mitumbwi kuja kuona. Mke wa Masalu alikaa nyuma ya akina mama wauza samaki, kanga kichwani, hakuinua macho. Kila mtu uwanjani alijua kinachogombewa ni kile kibati, na Bundala alikuwa amekaa mbele nacho mfukoni. Alikileta kwa dharau, ili akitikise watu wasikie.

Raundi ya kwanza Masalu alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Alisogea kama mashua iliyozidiwa shehena. Maji yalisikika tumboni. Mimi nilikuwa karibu, niliyasikia. Ogola alimgusagusa tu, kama anayejaribu mlango kuona umefungwa wapi. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuhesabu moyoni.

Raundi ya pili Ogola akamtia konde moja la tumbo. Halikuwa kubwa. Masalu alijikunja, akafungua mdomo, na maji ya Ziwa Viktoria yakamtoka kama bomba, juu ya kifua cha Ogola, juu ya viatu vyangu, yakaendelea kutoka wakati sote watatu tumesimama tunayaangalia.

"Amekamuliwa!" mtu akapiga kelele. "Pamba imekamuliwa!"

Bundala alisimama juu ya benchi. "Refa! Mpime tena! Huyo sasa hafiki uzito! Mpime tena!"

"Unaogopa nini, mzee?" mama mmoja muuza samaki akamjibu. "Mkubwa si wako? Au unataka tumjaze tena?"

Nilimwambia Bundala kwamba sheria inasema siku ya kupimwa, na kupimwa kumekwisha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutumia hoja ya Masalu. Nikamuuliza Masalu kama anaweza kuendelea. Alijifuta mdomo kwa mkono wa glovu, akanitazama kama mtu aliyetua mzigo. "Sasa ndiyo naanza," akasema.

Alianza kweli. Raundi ya tatu alikuwa mtu mwingine, anaingia na kutoka, Ogola anapiga pale mwenzake alipokuwa zamani. Ogola akafanya anachofanya mkubwa yeyote mwenye akili: akamkumbatia, akaegemea. Nilitazama mapaja. Nilingoja yatetemeke.

Hayakutetemeka. Masalu alishuka kidogo, akaingiza bega chini ya kwapa la Ogola, akanyoosha mgongo, akatoa pumzi ile fupi ya puani ambayo mnaisikia bandarini mtu anapoinuka na gunia. Alimbeba. Ogola alitaka kupumzika juu ya mtu, akajikuta hana uhakika miguu yake iko wapi. Akajaribu tena, na tena ikawa vile vile. Hata yale makapu ya samaki yalikuwa yamemfundisha Masalu jinsi ya kukaa chini ya uzito. Wapigaji wengine wadogo walijifunza kupiga tu.

Raundi ya nne, karibu na reli kugongwa, Ogola alitoka kwenye kukumbatiana akiwa amepinda, na Masalu akampata na mkono wa kushoto. Ogola aliweka goti moja chini. Nikahesabu. Alisimama kabla sijafika nusu, akatabasamu, reli ikagongwa. Nikainua mkono wa Masalu.

"Goti si kuanguka!" Bundala akasema.

"Goti la nani lile, la mama yako?" watu wakamjibu. "Mvike! Ulisema utamvika!"

Ogola mwenyewe alimaliza ubishi. "Mzee, mimi nilikuwa chini. Nimeiona nyasi kwa karibu. Mvike." Bundala akamvika, na mke wa Masalu akainua macho. Wajomba walicheza mpaka jua likazama.

Hapo ndipo wasimuliaji wengi huishia, na mimi nawalaumu. Kwanza nilifanya uchunguzi wangu wa kawaida. Jumamosi nzima Ogola alikuwa anapakua meli. Masalu siku hiyo hakuonyeshwa kidole, wala Ijumaa, kwa hiyo alikuwa amepumzika vizuri kuliko mtu yeyote uwanjani. Kukosa kazi kulikuwa sehemu ya mazoezi yake. Nilimwambia Sajini haya na akaniuliza kama nina rafiki hata mmoja.

Pili, kulikuwa na Jumatatu.

Marobota yanabebwa na watu wanne kwa miti miwili. Kila mti una mtu wa mbele na mtu wa nyuma, na robota linaning'inia kwa kamba katikati. Masalu aliwekwa nyuma ya Ogola. Nilipita bandarini wiki ile kupokea vitabu vya shule, nikasimama kuwatazama, na nilichokiona kilinichukiza kwa sababu kilikuwa kweli. Mbele mrefu, nyuma mfupi: mti umeinama nyuma, kamba inateleza kuelekea nyuma, na uzito unamfuata mfupi kila hatua. Bundala alikuwa na dharau, ndiyo. Lakini chini ya dharau yake kulikuwa na sababu, na hakuijali kiasi cha kuieleza. Ulingoni mdogo anaweza kumzunguka mkubwa. Kwenye mti mmoja hawezi kumzunguka.

Halafu nikamwona Ogola akisimama, akashusha mti, akaivuta kamba upande wake na kuifunga fundo lisiteleze. Mzigo ukamlalia yeye zaidi. Nilimuuliza baadaye kwa nini.

"Mwalimu, Jumapili mtu yule alinibeba raundi nzima," akasema. "Namrudishia."

Alimrudishia misimu kadhaa. Mtoto wa Masalu alizaliwa, akafuata wa pili, na kila asubuhi kabla ya kuinua Ogola alivuta ile kamba. Kisha vita vya pili vikaja, jeshi likataka watu wakubwa wenye nguvu, na Ogola akaondoka kwa treni na wengine. Hajarudi. Kuna anayesema yuko Nairobi anaendesha lori. Natumaini hivyo.

Nafasi yake ilichukuliwa na kijana mrefu aliyeitwa Shigela. Masalu alimwomba asogeze kamba kidogo.

"Ogola alikuwa anaisogeza," akamwambia.

"Ogola ulimpiga, kaka. Mimi hujanipiga." Na wenzake wakacheka. "Mtu aliyemwangusha Ogola anaomba kupunguziwa?"

Lilikuwa jibu ambalo hakuna mtu bandarini angeweza kumpa mbeba marobota mwingine yeyote. Sifa yake ndiyo iliyomfunga mdomo. Akilalamika sana, Bundala atasema "nilijua", na kibati kinarudi mfukoni. Akabeba. Bega la kulia likaanza kushuka, kwanza jioni tu, baadaye hata asubuhi.

Nilikwenda kwa Bundala. Nilikwenda na hoja zote, hata mchoro wa mti na kamba niliuchora mchangani kwa kijiti. Nilimwambia kwamba sisi ulingoni hatupangi watu ovyo, tunapima kwanza. Ampange Masalu na mfupi mwenzake.

"Mfupi mwenzake nimtoe wapi?" akaniuliza. "Namba zote nimewapa warefu."

"Mchukue mfupi mwingine pale getini. Wamejaa."

"Nichukue wa pili? Mmoja tu alinitosha kwa aibu." Akaufuta mchoro wangu kwa kiatu, bila hasira, kama mtu anayefuta ubao. "Mwalimu, mimi niliwaambia mfupi hafai kikosi hiki. Mkasema nina dharau, mkanizomea mbele ya wake zangu. Sasa mnakuja kuniambia mfupi hafai. Mnataka niseme nini?"

Nilikitupa kijiti, nikaondoka. Shigela naye niliongea naye. Alinisikiliza kwa adabu, kwa sababu mimi ni mwalimu, na kesho yake kamba ilikuwa pale pale.

Masalu hakupigana tena. Bega lilikataa kuinuka mpaka kidevuni, na bondia asiyeweza kulinda kidevu chake ni mtazamaji. Kibati anacho mpaka leo. Watoto wanakula, wa kwanza yuko darasani kwangu, na ukimuuliza Masalu kama anajuta atakuuliza wewe umekula nini leo. Kwa hiyo msinielewe vibaya, alichokipigania alikipata. Mimi ndiye ninayeulizwa swali, na ndiyo maana nawaeleza habari hii mpaka mwisho wake.

Jumapili iliyopita ilikuwa ya mwisho kwangu. Sikusimama katikati, niliwaachia ninyi ulingo, nikakaa kwenye reli na msumari, kazi aliyokuwa akiifanya Sajini mpaka alipofariki. Pambano la pili mliwapanga kijana mwembamba wa Mirongo na fundi mmoja wa gereji mwenye kifua cha ng'ombe. Mizani iliwakubali, kwa shida. Masalu alikuwa amekuja kuniaga, amesimama kando yangu, bega moja juu, moja chini.

Yule mwembamba alimtambua. Akaja mpaka kwenye kamba, glovu zimekwisha kufungwa, macho yanang'aa.

"Shikamoo, mzee Masalu. Niambie wewe uliyefanya. Mdogo anaweza kumpiga mkubwa?"

Masalu alimtazama kuanzia miguuni mpaka shingoni.

"Marahaba. Anaweza, mwanangu," akasema. "Ila kesho yake asubuhi watakupa ubebe mzigo wake."

Kijana alicheka, akadhani ni utani wa wazee. Mlikuwa mmekwisha kuwaita katikati. Nikagonga reli.